Kichwa cha Kakenya

Ijumaa hiyo fomu ilikuwa imeshajazwa. Ilibaki sahihi ya Mwalimu Nanjala tu, na Kakenya, mtoto wa miaka minane asiyesema, arudishwe kwao Isinya akae huko.

Nanjala alikuwa amefundisha miezi saba katika kitengo maalum cha watoto wenye ulemavu, shule ya Noonkopir. Alitoka Webuye, cheti bado kinanukia wino. Miezi saba, na daftari limejaa: Jumatatu, amenigonga tumbo kwa kichwa. Jumanne, amenigonga tena, chai ikamwagika. Kila asubuhi, pale mlangoni.

"Tia sahihi, madam," akasema mwalimu mkuu, Munguti, akimsukumia kalamu. "Ukiumia, nitaulizwa mimi."

Bibi ya mtoto, Koko Zipporah, alikaa naye kwenye benchi la ofisini, begi la Kakenya magotini, zipu yake imefungwa kwa pini. Alikuwa ameitwa aje kumchukua.

Nanjala akashika kalamu. Hapo Kakenya akateremka kwenye benchi, akamjia, kichwa mbele. Nanjala akaruka nyuma, kabati la mabati likalia ngwaa!

"Umeona, mwalimu? Umeona?" akamwambia Munguti.

"Wewe, unakimbia nini?" Koko akauliza.

"Anataka kunigonga!"

"Kukugonga? Huyo anakuamkia!" Koko akasimama, akaweka kiganja utosini mwa mjukuu wake, polepole. "Kwetu Isinya mtoto hapeani mkono. Analeta kichwa, mkubwa anagusa. Huyu hana maneno, salamu yake ni hii. Miezi saba anakuletea, nawe unaruka kama umeona nyoka! Mimi ningekugonga mapema."

Munguti akakohoa. "Madam, mbona hukuandika kwamba anainama kwanza?"

"Nilianza kuandika pale alipogonga."

Kakenya akamgeukia Nanjala tena. Anakuja. Mwili mzima wa Nanjala ukamwambia kimbia. Akabana mgongo kwenye kabati, akanyoosha mkono.

Nywele fupi, zenye joto. Mtoto akatulia chini ya kiganja, akavuta pumzi ndefu. Kisha akalichukua begi kwa bibi yake na kuliburuta kuelekea darasani.

"Sasa fomu?" Munguti akauliza.

Nanjala akaichana mara mbili. "Nipe nyingine, mwalimu, niandike kosa langu. Hiyo nitaitia sahihi."

"Na Jumatatu," akasema Koko, akijifunga shuka, "usiruke."