Tangi la Tatu

Kila siku baada ya sala ya alasiri, Bi Kidawa alifagia ua wake, akateka ndoo mbili kisimani, akanusa maji, akayamwaga. Kisha aliwafungulia maiti mlango.

Walikuwa wanawake kumi na wanne, wote wa hapo Kilindoni, na wote aliwaosha yeye kwa mikono yake. Waliingia na sanda zao, wakasalimia, wakakaa mkekani kwa kufuata nani alitangulia kufa. Maiti wanaume walibaki nje ya ukuta wa makuti, maana ua ule ni wa wanawake, na kufa hakumwondolei mtu adabu. Majirani waliopita walitoa salamu wakaendelea na shughuli zao.

Shida yao ilikuwa moja. Waliogeshwa kwa maji ya kisima kile, na kisima kile kilinuka dizeli. Maji yakibadilika harufu hayatwaharishi. Hilo hata mtoto wa madrasa analijua. Walitaka kuoshwa upya ili wakapumzike. Bi Kidawa hakubisha. Aliagiza maji Kirongwe, yakaja kwa bodaboda, matamu kabisa, na yalipovuka kizingiti cha ua yakanuka. Kuwahamishia ua mwingine hakukuwezekana. Maiti huoshwa upya pale pale alipooshwa kwanza.

Hatua thelathini kutoka kisimani, upande wa baharini, palikuwa na bohari ya mafuta iliyofungwa zamani. Kampuni ilipoondoka ilichukua pampu, ikachukua mabati, ikang'oa hata makomeo ya milango. Matangi yaliyofukiwa chini iliyaacha, maana hayakuonekana.

Wa mwisho mkekani alikuwa Arafa, binti wa Bi Kidawa, aliyefariki kwa uzazi mwaka jana. Siku ya kumwosha, Bi Kidawa aliisikia ile harufu. Aliisikia vizuri sana. Lakini watu walikuwa wanasubiri jeneza na jua linazama, naye akafanya alivyowafanyia wote: akazidisha karafumaiti kwenye maji ya mwisho mpaka dizeli isisikike. Kwa jambo hilo hajajisamehe, wala hana mpango wa kujisamehe.

Kwa hiyo injinia Hafidhi alipofika na eskaveta kufukua matangi na kusafisha ufukwe, Bi Kidawa alimpelekea chai na mihogo kila asubuhi. Mkataba ulisema matangi mawili. La kwanza lilitoka limetoboka kama chujio. La pili likafuata. Udongo mweusi ukapakiwa kwenye malori.

Siku ya nane, marehemu Mzee Kombo aliondoka pale ukutani, akatembea na sanda yake mpaka ukingoni mwa shimo. Uhai wake wote alikuwa fundi wa bohari.

"Shikamoo, mzee," alisema Hafidhi.

"Marahaba. La tatu liko pale." Alionyesha kwa kidevu ghala jipya la samaki, sakafu yake ya zege, rangi haijakauka. "Nililifukia mwenyewe. Ndilo kubwa."

Hafidhi akakunjua karatasi. "Ramani ina mawili, mzee."

"Ramani kachora mtu wa Dar. Mimi ndiye niliyechimba."

"Nakuamini. Lakini mwenye ghala ndiye aliyetoa kazi hii. Nikivunja sakafu yake, nitaandika ushahidi wa nani?"

"Wangu."

"Fomu inataka sahihi na namba ya kitambulisho. Mtu akifariki, kitambulisho chake kinafutwa."

Mzee Kombo alikubali kwamba kinafutwa. Bi Kidawa, aliyekuwa amesimama na birika la chai, hakukubali.

"Mwanangu, mama yako yu hai?"

"Yu hai. Yuko Tanga."

"Basi chimba. Binti yangu hapumziki mpaka lile litoke."

"Mama, ningekuwa na uwezo ningechimba leo hii."

Alisema kweli, na kweli yake haikufukua kitu. Mashimo yalifukiwa. Juu pakamwagwa mchanga mweupe kutoka pwani nyingine, pakapendeza. Wakubwa wakaja, utepe ukakatwa, cheti kikasomwa kwa kipaza sauti: ardhi safi, maji salama. Maiti nao walialikwa, kwa kuwa ni majirani. Kwenye picha wanaonekana safu ya nyuma, wanapiga makofi.

Alasiri ile Bi Kidawa aliteka ndoo. Akanusa. Akanusa tena. Maji yalikuwa meupe, na yalinuka vile vile kama jana.

Wanawake walimtazama usoni wakaelewa. Waliinuka mmoja mmoja, wakamshukuru, wakaagana mpaka kesho. Arafa alibaki. Alijilaza juu ya kitanda cha kuoshea, akanyoosha mikono ubavuni.

"Mama, nimechoka kwenda na kurudi."

"Najua, mwanangu."

"Tia karafumaiti."

"Haifai. Siku ile nilikosea."

"Najua haifai. Tia nyingi. Nilale leo tu."

Bi Kidawa aliingia ndani, akatoka na pakiti nzima, akaimimina yote kwenye ndoo. Akachota kata ya kwanza, akaanza upande wa kulia, kama inavyotakiwa. Alilia na hakujificha.

Kesho yake, baada ya alasiri, Arafa alibisha hodi, na mama yake akamfungulia.