Vifupisho vya Mgongano

Jumanne, tarehe 14 Oktoba 2025. Asubuhi hiyo Garsen iliamkia mawingu mazito, lakini mvua ilidondosha matone machache tu, yasiyotosha hata kulaza vumbi. Silas alipiga magoti kuomba kama kawaida yake, akainuka kabla ya kumaliza. Jioni hiyo jina la Halkano lingefutwa katika darasa la wasaidizi wa maabara, na sababu ilikuwa Silas mwenyewe.

Kwa miezi saba walikuwa wakikaa dawati moja, Silas mkulima Mpokomo mwenye wajukuu, na Halkano mfugaji Mworma. Vifupisho vya sayansi vilimtesa Silas mpaka Halkano alipomwambia, "Mzee, herufi hizi ni kama chapa ya ng'ombe. Ukiona alama tatu pajani, ukoo mzima umeujua." Tangu hapo CID, herufi za Kiingereza za mgongano unaovunja, ikawa molekuli inayogongwa na gesi hadi ikavunjika vipande. CIA, mgongano unaonasa mwanga, ikawa molekuli mbili za gesi: kila moja ikiwa peke yake mwanga huipita tu, lakini zikigongana huunasa kwa kitambo kidogo.

Kisha mto ulipopungua, Silas akapanda mahindi kwenye malka, ile njia ya mifugo ya kwenda majini. Hakupanda hapo kwa kutojua. Babake aliiheshimu malka hiyo maisha yake yote; yeye aliona tope jeusi lenye rutuba tu, akalitamani. Ng'ombe wa Halkano wakapita pale walipopita siku zote, wakayakanyaga mahindi. Silas akamfokea mbele ya darasa: "Rudi porini! Ng'ombe wako wamekushinda akili!" Watu wakaangua kicheko. Tangu siku hiyo Halkano hakuonekana darasani.

Jioni hiyo ya Jumanne Halkano alisimama mlangoni pa darasa, fimbo mkononi, amekuja kutia sahihi ya kujitoa.

"Ngoja tumalize somo," alisema Mwalimu Fahima. "Silas, CID?"

"Mgongano unaovunja, mwalimu."

"Na CIA?"

Silas aliinama. "Hiyo nilifundishwa na huyo aliye mlangoni."

"Umeisahau, mzee?" Halkano akauliza. "Au mahindi yamekujaa kichwani?"

Darasa likacheka. Silas hakucheka. Alisimama, akainua mkono.

"Mbele ya Mungu na mbele yenu nyote: kesho alfajiri nafyeka mahindi yangu yote yaliyo kwenye malka, hivyo hivyo mabichi, na ng'ombe wa Halkano watapita wa kwanza. Hata asiporudi darasani, nitafyeka."