Wiki Moja ya Mawimbi

Ahadi ile aliitoa Dorika mwenyewe, wala hakuna aliyemlazimisha. Mdogo wake, Christopher, alikuwa amelazwa hospitali, kichwa kimefungwa bandeji, baada ya pikipiki yake kuteleza kwenye mchanga wa barabara ya Chiungutwa. Siku ya tatu hiyo alikuwa anautazama ukuta bila kusema neno. Dorika akakumbuka kwamba kijana huyu, alipokuwa kibarua wa ujenzi Mtwara, alijifunza kusimama juu ya ubao na kuteleza na mawimbi, na aliporudi nyumbani hakuwa na hadithi nyingine.

"Ukipona," akamwambia, "tutakwenda pwani mimi na wewe. Wiki nzima. Na mimi utanifundisha."

Christopher akageuza uso kutoka ukutani, akamtazama.

Jeraha lilipona, lakini liliacha ugonjwa wa kuanguka. Pikipiki ikapewa dereva mwingine. Mama akamkataza kupanda mti, kwenda kisimani peke yake, hata kukaa karibu na moto. Kijana wa miaka ishirini na sita akabakiwa na vidonge, asubuhi na jioni, na safari ile.

Waliipanga kwa simu karibu kila siku, Dorika akiwa Masasi mjini kwenye cherehani yake, Christopher kijijini. Walimpata mwalimu aitwaye Mujibu, mwenye kambi ndogo ya mchezo huo nje kidogo ya mji wa Mtwara, wakachagua wiki ya kwanza ya Agosti. Christopher alianza mazoezi uani: analala kifudifudi juu ya mkeka, mara anaruka na kusimama, magoti kayakunja, mikono kaitanua. Mama alikuwa akimtazama huku anamenya mihogo.

"Sisi watu wa maji ya ndoo," alisema. "Bahari tunaitakia nini?"

Jumamosi moja ya Julai Dorika alifika Chiungutwa na fomu ya kambi aliyoichapisha steshenari. Wakaijaza pamoja barazani. Jina, umri, unajua kuogelea? Wakafika kwenye swali la afya: umeanguka au kupoteza fahamu ndani ya miezi sita iliyopita?

"Mara ya mwisho ilikuwa Desemba," alisema Christopher. "Wiki ile kabla ya Krismasi. Andika hapana."

Dorika akahesabu kwa vidole, akaona ni kweli, akaandika hapana. Alifurahi kiasi kwamba aliipiga picha fomu palepale na kumtumia Mujibu.

Mama alileta ugali na samaki. Dorika akakamua ndimu juu ya samaki, kama walivyozoea tangu utoto. Christopher alitia tonge la kwanza mdomoni, akaruka kama aliyechomwa sindano, macho yakamjaa machozi.

"Nini?"

"Mfupa."

"Fungua mdomo."

"Dada, mimi si mtoto."

"Fungua mdomo, Christopher."

Ubavuni mwa ulimi palikuwa na kidonda kibichi, alama za meno zikionekana waziwazi. Dorika alikuwa amekwisha kukiona kidonda cha namna hiyo, zamani zile mdogo wake alipoanguka mara ya kwanza. Alimtazama mama. Mama alikuwa anainamia sahani yake.

"Jumanne," Mama alisema mwishowe. "Shambani, tukipuliza salfa kwenye mikorosho. Aliniapisha nisikwambie."

"Na vidonge?"

Christopher ndiye aliyejibu. "Navigawa nusu. Nikimeza kizima nashinda nimelala, mwili mzito kama gunia. Mtu mzito hawezi kusimama juu ya ubao." Akamshika mkono. "Dada, usimwambie Mujibu. Nimenyang'anywa kila kitu. Hiki kimoja ulinipa wewe."

Dorika hakuahidi wala hakukataa. Alirudi Masasi jioni ile, na Jumapili kanisani hakusikia neno la mahubiri. Jumatatu alikata vitambaa vya sare za shule akakosea vipimo mara mbili. Ilipofika saa nne alisimamisha cherehani, akatoka nje, akapiga simu.

Mujibu alimsikiliza hadi mwisho.

"Ningemwingiza majini, dada yangu," alisema. "Ningemwingiza kwa moyo mweupe kabisa. Unajua, anayezama kwa kawaida huhangaika, tukamwona. Huyu angezima tu. Ningedhani amepiga mbizi. Siwezi kumchukua. Mwambie asinichukie."

Habari kama hiyo Dorika hakutaka kuisema kwa simu. Alifunga duka lake la ushonaji, akaenda Chiungutwa, akaambiwa Christopher amekwenda Newala kwa mjomba Yohana. Kesho yake akapanda hadi uwanda wa juu, Newala. Alimkuta nyuma ya nyumba ya mjomba akianika makopa ya muhogo juu ya jamvi, na kwa jinsi alivyomtazama, akajua habari imemtangulia.

"Mwalimu amenipigia mwenyewe," alisema Christopher. "Shikamoo."

"Marahaba. Christopher, nilikuwa—"

"Ungeniacha nife nikiwa nimesimama, dada. Kuliko hivi."

"Na mimi ningerudi kwa mama na nini? Na viatu vyako?"

Alitupa kipande cha muhogo alichokuwa nacho, kikagonga ukuta. Kisha akakaa chini palepale kwenye vumbi, akalia kwa sauti, mtu mzima, mpaka mjomba akatoka kuangalia na kurudi ndani polepole. Dorika alitaka kumshika bega. Alipounyoosha mkono, mdogo wake alijivuta pembeni. Basi akaokota kipande kile, akaendelea kuanika makopa yaliyobaki, moja moja, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine.

"Ahadi nilitoa mimi," alisema akiwa bado amempa mgongo. "Nilitaka tu ugeuze uso. Sikufikiria zaidi ya hapo. Nisamehe kwa hilo. Kwa simu ile siombi msamaha."

Christopher hakumsindikiza stendi.

Wiki ya kwanza ya Agosti ilipofika, Dorika alikuwa kwenye cherehani. Siku ya Jumatano Christopher alitokea mlangoni, amevaa shati safi, daftari la kliniki mkononi.

"Mama anasema niende na mtu," alisema.

Walikaa kwenye benchi la hospitali kwa saa mbili. Walipoitwa, daktari aliuliza lini ameanguka mara ya mwisho. Christopher alimtazama dada yake.

"Jumanne ile shambani," alisema. "Halafu Newala, dada alipoondoka. Na juzi."

Daktari aliandika, akabadilisha dawa kwa ile isiyoleta usingizi mwingi, na Christopher alipouliza kuhusu bahari, akajibu kwamba mambo ya maji yazungumzwe baada ya mwaka mzima bila kuanguka, si siku moja pungufu.

Nje jua lilikuwa kali. Walisimama kivulini wakisubiri gari la Chiungutwa.

"Mwaka," alisema Christopher.

"Mwaka."

"Sijawahi kufikisha hata miezi saba."

Gari likaja, Christopher akapanda, akakaa dirishani upande wa pili, na safari hii Dorika hakumwahidi kitu.