Tundu la Pembe Nne

Boliti ya plau ina shingo ya mraba, na huo ndio uliokuwa msiba wa Pedzisai. Ukiitia boliti hiyo katika tundu la duara, itazunguka pamoja na nati. Utakaza mpaka jua litue na bamba bado litakuwa linacheza. Katika tundu la mraba inakamatwa shingo. Haina pa kugeukia, na ng'ombe wanaweza kuvuta watakavyo. Kwa hiyo kila mkulima wa upande ule wa Gokwe aliyepeleka bamba la plau kwa Mzee Chirimuuta alitaka matundu ya mraba, na sifa za matundu hayo zilimwendea Mzee Chirimuuta. Aliyeyachonga alikuwa mkwewe, Pedzisai.

Pedzisai alikwenda kuoa pale akiwa hana hata ndama. Mzee akamtazama juu mpaka chini, akasema haidhuru, kama ng'ombe hakuna atapokea mikono. Wakakubaliana: kijana atatumika misimu miwili katika karakana ya nyuma ya jiko, kisha atamchukua Shuvai, binti wa Mzee, waende kwao Chivi, kwa mama yake mjane. Misimu miwili ikapita. Mzee akasema, ngoja kwanza mvua zikatike. Mvua zikakatika, akasema, ngoja tumalize haya mabamba machache. Mabamba yale machache yalikuwa na tabia ya kuzaana. Ukimaliza matatu leo, kesho unakuta matano yameegemea ukuta, na Mzee amekaa kando yake akinusa tumbaku yake kwa raha zake.

Na kazi yenyewe ilikuwa ya kumkausha mtu roho. Kwanza unachora mraba kwa msumari. Unatoboa katikati kwa keekee ya mkono, unatoboa tena vitundu vinne kwenye pembe, unakata kwa tindo, halafu unashika tupa. Tupa ndiyo iliyomla Pedzisai ujana wake. Kwaru, kwaru, kutwa nzima, mpaka boliti iingie yenyewe bila kusukumwa, na uigeuze upande wowote kati ya pande nne iingie vilevile. Siku moja alijitengenezea tindo nene la mraba kwa chuma cha ekseli, la kupigilia tundu mara moja likamalizika. Mzee akalichukua, akalipachika juu darini.

"Nani anakufukuza?" akamwuliza. "Una safari?"

Pedzisai akachuchumaa, akapiga makofi taratibu, kama inavyompasa mkwe. "Hapana, Baba."

Angesema nini? Mkwe hampandishii sauti baba mkwe, na aliye mugariri, yaani anayetumikia mke badala ya kutoa ng'ombe, ndiye hana kabisa sauti ya kupandisha. Mzee Chirimuuta alikuwa mshika mila hodari, hasa zile mila zilizokuwa zikimlipa.

Lakini tupa na tindo si kitu. Kilichomchoma Pedzisai mpaka mfupani kilikuwa kinywa cha mwanawe. Saru alizaliwa pale pale, akajifunza kusema pale pale, na kwa kuwa mji mzima wa Mzee ulimwita baba yake Mkwe, naye alimwita hivyo hivyo. "Mkwe, nibebe." "Mkwe, njoo ule." Neno Baba alikuwa amempa babu yake. Shuvai alijaribu kumrekebisha, mtoto akacheka, akadhani ni mchezo. Kila msimu uliopita pale ulizidi kulikaza jina lile, na Pedzisai aliogopa kwamba siku atakapoondoka, kama ataondoka, mtoto atalia kwa kutenganishwa na baba yake.

Siku ya mazishi ya jirani mmoja, watu wote walikwenda. Shuvai alikwenda, Mzee alikwenda. Mama Shuvai alibaki kwa sababu ya goti lake baya, na Saru akabaki naye. Pedzisai aliachiwa bamba moja nene, limesimamishwa wima kwenye jiliwa na kubanwa, na Mzee akaondoka na kile kishikio cha kukazia jiliwa, amekitia mfukoni mwa koti. Ndiyo desturi yake. Bamba halikutoka katika jiliwa mpaka yeye alikague.

Ilipokaribia adhuhuri tundu lilikuwa karibu tayari. Pedzisai alikuwa na mazoea ya kuzipima pembe kwa kidole cha pete, kwa sababu kidole huhisi vijimeno vya chuma ambavyo jicho haliwezi kuviona. Siku zote kilikuwa kikiishia kwenye kifundo cha katikati. Siku ile kulikuwa na joto, mkono ulikuwa na jasho, na hasira za moyoni zilimfanya asukume. Kifundo kikapita. Alipovuta kurudi, vile vijimeno alivyokuwa bado hajavisugua, vya upande wa pili, vikamng'ata.

Akavuta tena. Akazungusha. Akatema mate juu yake. Alivyozidi kuvuta ndivyo kidole kilivyozidi kuvimba. Kishikio kiko mfukoni mwa Mzee, Mzee yuko mazishini, na yeye amesimama pale, ameunganishwa na bamba la plau. Ilimjia kwamba hakuna kipya kilichotokea. Kilichoongezeka ni maumivu tu.

Saru akachungulia. "Mkwe, unafanya nini?"

"Nafanya kazi. Nenda ukacheze."

"Mbona unalia?"

"Silii. Jasho hilo."

Mtoto akakimbia jikoni, na sauti yake ikasikika mji mzima: "Bibi! Mkwe ameliwa na chuma!"

Hapo ndipo Pedzisai alipoogopa kikweli. Tangu aoe, hajawahi kugusana mkono na mama mkwe wake, hata kwa salamu. Hajawahi kumtazama usoni. Wakikutana njiani mmoja hukatiza majanini. Chakula chake kililetwa na Shuvai au mtoto, na mama mkwe alikuwa kwake sauti tu ya nyuma ya ukuta, pamoja na mguu unaoburutwa kidogo. Sasa mguu ule ulikuwa unakuja.

Ukasimama nje ya mabati ya karakana.

"Mukanya," akaita, kwa jina la heshima la ukoo wake. "Mtoto anasema kweli?"

"Kweli, Mama. Ni kidole tu."

"Kimeingia chote?"

"Kimepita kifundo."

"Na kishikio cha hilo dude?"

"Baba anacho."

"Huyo mzee," akasema Mama Shuvai, "siku moja ataondoka na mlango wa nyumba."

Pedzisai karibu acheke, kidole kikamkumbusha.

Saru akaleta chupa ya mafuta ya kupikia. Hayakusaidia. Ikaja sabuni. Haikusaidia. Kidole kilikuwa kimeanza kuwa rangi ya zambarau, na ncha yake, huko upande wa pili asikoweza kuiona, haikuwa na habari naye tena.

"Kinauma?" sauti ikauliza.

"Kilikuwa kinauma, Mama. Sasa sikisikii."

"Hukisikii?"

"Sikisikii."

Mguu ukaburutwa hatua moja, ukasita. Jirani wa kuitwa hakuwepo, wote walikuwa mazishini, na mazishi ya kule hayaishi kabla watu hawajala. Pedzisai alisikia mwanamke yule akihema nje ya bati, kama mtu aliyebeba debe la maji. Kisha akasikia sanduku likifunguliwa jikoni, kisha mguu unarudi, na safari hii haukusimama nje.

"Geuza uso," akasema.

Akageuza. Mama Shuvai akapita nyuma ya jiliwa, upande wa pili wa bamba, akajiinamisha na goti lake baya. Bamba likawa kati yao kama pazia.

"Huku naona kidole tu," akasema. "Mkwe simwoni. Kidole si mtu."

"Ndiyo, Mama."

"Pete yangu iliwahi kunikwama hivi, nilipokuwa na mimba ya Shuvai. Mama yangu aliitoa kwa uzi. Tundu hili kama lingekuwa la duara, ningekwenda kukuletea shoka. Lakini pembe zimeacha nafasi. Subiri uzi utokee kwako, uushike."

Uzi mweusi wa kushonea, uliolainishwa kwa mafuta, ukachungulia kwenye pembe kati ya chuma na nyama. Pedzisai akaukamata kwa mkono wa kushoto. Kisha Mama Shuvai akakishika kidole.

Akakishika barabara, kwa mkono wote, kama mtu anavyoshika mkono wa mtoto wake. Pedzisai hakuweza kuhisi ncha, lakini kwenye kifundo alihisi kiganja kikavu, chenye sugu za mpini wa jembe. Miaka yote aliyokaa pale, ukimtoa mkewe na mtoto, hakuna mtu aliyekuwa amemshika.

"Baridi," akasema mama mkwe polepole, akianza kuuzungusha uzi kuanzia kwenye chuma kwenda kwenye ncha, mzunguko juu ya mzunguko, umebana. "Baridi kabisa, mwanangu."

Hakusema mkwe. Wote wawili walisikia.

"Nasikia tupa yako kila siku," akaendelea, bila kusimamisha kazi. "Nikisonga sadza jikoni naisikia. Nikilala mchana naisikia. Nimekuwa nikijiambia ni mambo ya wanaume hayo. Haya, vuta uzi, uuvute ukizungusha. Usiogope ngozi, ngozi itaota."

Akavuta. Uzi ukajikunjua kwenye pembe za tundu, mzunguko mmoja, wa pili, na kila mzunguko ulikisogeza kidole nyuma kidogo. Vijimeno vilichukua ngozi yao. Kwenye kifundo aliuma bega la shati lake. Kisha akajikuta ameketi chini, mkono kifuani, damu inamchuruzika, yuko huru.

"Mama," akasema akiwa ameinamisha macho, anapiga makofi kwa mkono ule ule unaovuja. "Hakuna aliyeona."

"Mimi nimeona," akajibu Mama Shuvai. Akasimama akilishikilia bamba, akalipapasa lile tundu, akafikiri. "Na sitanyamaza."

Mzee aliporudi alasiri, pamoja na Shuvai, alikuta mizigo miwili ya Pedzisai na Shuvai mlangoni na mkewe ameketi juu ya mmoja.

"Nimemshika mkwe mkono," akamwambia, kabla hajaulizwa. "Mimi na yeye, mchana kweupe. Nenda kawaambie ndugu zako, au nitawaambia mimi."

Mzee akashika kiuno. "Umemfanya nini?"

"Nimemshika mkono. Mkwe aliyeshikana mikono na mama mkwe anaweza kulala tena mji mmoja naye? Wewe ndiye mwenye mila, tuambie."

"Atatoa mbuzi wa faini, yataisha."

"Atamtoa wapi? Hana mbuzi. Asingekuwa hapa kama angekuwa na mbuzi. Au umtolee wewe, ujilipe mwenyewe?"

Mzee akamtazama Shuvai, ambaye tayari alikuwa amejitwika mzigo mmoja kichwani, uso umemkunjuka kama wa msichana. Akaenda karakana, akarudi, mkono mfukoni umeshika kile kishikio chake.

"Lile tundu halijaisha," akasema. "Lina vijimeno."

"Kweli, Baba," Pedzisai akasema. Akachuchumaa vizuri, akapiga makofi kwa adabu zote. "Nilivipima. Vitakusubiri."

Na hayo ndiyo maneno pekee ya jeuri aliyoyasema katika mji ule.

Saru alikuwa amesimama katikati yao, anatazama mizigo, midomo inaanza kumtetemeka.

"Bibi, Mkwe anakwenda wapi?"

Mama Shuvai akamnyanyua, na badala ya kumpa Shuvai, akampeleka moja kwa moja mpaka kwa Pedzisai, akamweka mikononi mwake bila kugeuza uso.

"Huyu si mkwe wako," akamwambia mtoto. "Mkwe ni wangu mimi. Wewe mwite Baba."

Saru akamgeukia babu yake, akamgeukia tena mtu aliyembeba. Akakishika kile kidole kilichofungwa kitambaa, akakipuliza.

"Baba," akauliza, "chuma kimekuachia?"