Guruneti la Kutundikia Mizinga

Baba yangu ni kiziwi wa sikio la kulia, na ukimuuliza nini kilimpata atakujibu kwa fahari, kana kwamba anataja cheo: Waingereza. Alikuwa Keya, kama wazee wetu walivyowaita askari wa jeshi la mkoloni, na alipokuwa kijana wa miaka ishirini alichaguliwa pamoja na wenzake kumi na mmoja kupelekwa kwenye uwanja wa shabaha huko Kenya. Waingereza walikuwa wanatafuta bunduki mpya ya jeshi lao, wana aina mbili tatu mezani na hawajaamua waoe ipi. Kazi ya akina baba ilikuwa kuchomeka guruneti kwenye ncha ya mtutu, kutia risasi isiyo na kichwa, na kufyatua. Guruneti linaruka, bunduki inapiga teke, mzungu mwenye daftari anaandika. Kisha bunduki nyingine, guruneti jingine, teke jingine, kwa miezi minne mfululizo. Mwishowe bunduki ikachaguliwa, bega la baba likapinda na sikio likazimika.

Mama hupenda kusema kwamba Waingereza walikwenda kujaribu bunduki wakakuta baba yangu ni mgumu kuliko zote. Sifa hiyo baba huisikia hata kwa sikio bovu.

Aliporudi kwao Usinge alikuja na blanketi, viatu, na guruneti moja. Sajenti wake mzungu alimpa liwe ukumbusho, akamwambia ni la mazoezi, ndani hamna kitu. Mtu mwingine angelifungia kabatini. Baba ni mrina asali, na mrina asali hana kabati, ana msitu. Kwetu mzinga hutundikwa juu kabisa ya mti. Ili uupandishe, unafunga kamba nyembamba kwenye kitu kizito, unakirusha kipite juu ya tawi na kushukia upande wa pili. Kamba nyembamba inavuta kamba nene, na kamba nene inavuta mzinga. Wengine hutumia jiwe, lakini jiwe huchopoka. Guruneti lina mkia wenye mapezi kama ya samaki. Ukifunga kamba hapo haitoki. Baba aliona Mungu hakumpa ukumbusho, amempa chombo cha kazi.

Upande wa pili wa tawi lazima awepo mtu wa kuidaka kamba, isije ikajinyonga kwenye matawi ya chini. Mtu huyo ni mama. Wanawake wa kwetu huwa hawafuati mizinga msituni, na watu walisema walivyosema, lakini baba hasikii tawi likikatika wala nyuki wakikasirika, kwa hiyo mama Advera akawa sikio lake. Kwa miaka sitini na miwili amesimama chini ya miti ya miyombo huku kile kipande cha chuma kikimshukia kutoka mbinguni. Kila alipoulizwa kama haogopi alikuwa na jibu moja: Baba Gaude amesema ni tupu.

Gaude ni mimi, Gaudensia, mwalimu mstaafu, mkazi wa Chemchem mjini Tabora. Nawapenda wazazi wangu kuliko kitu chochote duniani, na wananitia wazimu.

Katikati ya Oktoba redio ilitangaza tena msamaha wa serikali. Yeyote mwenye silaha bila kibali aisalimishe kabla ya mwisho wa Oktoba, hataulizwa neno; baada ya hapo ni mahakamani. Nilimfikiria baba na miaka yake themanini na nane akipandishwa kizimbani, akimwomba hakimu arudie swali. Kesho yake nilipanda treni ya Kigoma, njia ileile waliyopita wapagazi na pembe za ndovu mabegani, nikashuka Usinge na mkate, sukari na hotuba niliyoiandaa njia nzima.

Hotuba haikufika mbali. Baba alitaka kujua kama serikali inataka na panga lake, na shoka, na mwiko wa mama, maana mwiko ule umewahi kutumika. Nikamwambia guruneti si mwiko. Akasema amelirusha mitini tangu kabla ya Uhuru, na kama lingekuwa na roho lingekuwa limeshasema. Mama, aliyekuwa anapepeta mchele, hakuinua hata uso. Alisema baba yangu alizifyatua hizo kwa miezi minne, mimi nimefundisha hesabu, kila mtu akae kwenye ujuzi wake. Mazoea yana taabu. Walilizoea lile dude hadi wakalitundika jikoni, kwenye msumari mmoja na chujio la nazi.

Nikanyamaza kwa ghadhabu, nikalipiga picha kwa simu. Nina mwanafunzi wangu wa zamani, Mathias, aliyekuwa hawezi kukaa kitini dakika tano darasa la tatu. Sasa ni askari, na kazi yake ni mabomu ya zamani. Nilimtumia picha nikitumaini atanipa maneno ya kumtisha baba kidogo. Alipiga simu hata sijaiweka chini.

"Mwalimu, shikamoo. Hiyo kitu iko wapi?"

"Marahaba. Iko jikoni."

Akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Toa watu wote humo ndani. Msiliguse, msifunge mlango kwa nguvu. Nakuja."

Kumtoa mama haikuwa shida, alizima moto tu akatoka na ungo wake. Kumtoa baba ilibidi nimpigie kelele kwenye sikio la kushoto hadi majirani wakatoka. Alitoka hatimaye, akiwa amebeba kigoda chake, akanitazama kwa macho ambayo sitaki kuyaona tena. Alisema amezaa mtoto, akamsomesha, na mtoto amemshitaki kwa serikali. Usiku ule tulilala kwa jirani yetu Deus, na baba hakunijibu hata nilipomsalimu.

Mathias na wenzake walifika kesho yake alasiri. Walikaa jikoni muda mrefu. Alipotoka alikuwa amelowa jasho, akamwendea baba kwanza kabla yangu, akainama kumwamkia, akamwambia kwamba guruneti limejaa baruti. Alama zilizogongwa shingoni mwake, chini ya masizi, zilisema hivyo, na kipimo chao kilisema hivyo.

Baba alicheka. "Mjukuu wangu, nimelirusha miaka sitini na zaidi."

"Ndiyo, babu. Hili haliamshwi na mkono, linaamshwa na teke la bunduki. Ungelirusha hata mara elfu lingebaki limelala." Kisha akaongeza taratibu, akiielekeza sauti kwenye sikio zima, "Ila kutu haina usingizi. Ndani imeshakula karibu kila kinacholizuia. Sijui kama lingevumilia msimu huu."

Nilimwona baba akiacha kucheka. Kicheko kilimzimikia midomoni kwanza, kisha machoni. Hakumtazama Mathias tena, alimtazama mama.

Walilibeba kwenye ndoo ya mchanga hadi shamba la tumbaku lililolazwa bila kulimwa, wakatuweka mbali nyuma ya kichuguu. Mshindo ulikuja na vumbi, na mbuzi wa Deus wakatawanyika hadi reli. Baba alishtuka, hata sikio lililokufa tangu enzi za Malkia nadhani lilisikia. Mathias aliporuhusu, mama alikwenda kuliangalia shimo. Ungeweza kumlaza ng'ombe humo. Alisimama ukingoni mikono ikiwa nyuma, akaliangalia kwa muda, akamwangalia baba, akafunga kanga yake vizuri na kurudi nyumbani.

Siku mbili mama hakuzungumza na baba. Alimpikia, akamtengea, akamtilia maji ya kunawa, yote kimya. Ningependelea angemfokea. Baba naye hakugusa chakula. Jioni ya siku ya pili aliniita, nikafurahi kwamba angalau amenisamehe, kumbe alikuwa anataka kunituma. Alisema nimpelekee Deus ujumbe kwamba mizinga yote ni yake, iliyo juu na iliyo chini, pamoja na kamba. Nilimuuliza kwa nini. Alisema mtu aliyemsimamisha mke wake chini ya bomu miaka sitini na miwili hana uso wa kurudi msituni.

Sikwenda kwa Deus. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia. Nilikuwa nimefanya lililo sawa, hilo nalijua hadi leo, lakini lililo sawa lilikuwa linaniulia baba. Mrina asali wa umri ule akiuacha msitu hamalizi masika. Na mama bila baba wa kumlalamikia, sijui angebaki na nini.

Asubuhi ya siku ya tatu tulikuwa watatu uani. Baba alikuwa kwenye kigoda, mikono imelala mapajani kama ya mgonjwa. Mama aliweka chini bakuli la uji, hakuondoka.

"Baba Gaude, ulijuaje kuwa ni tupu?"

"Sajenti aliniambia."

"Nakuuliza wewe, si sajenti. Ulinitazama usoni ukaniapia. Ulijuaje?"

Baba aliuangalia uji. Nilidhani hakusikia, nikataka kurudia, mama akanizuia kwa mkono.

"Nililijaribu," alisema baba. "Wiki ile wazee wenu walipokubali posa. Nilikuwa nimeshakuona unavyotaka kwenda msituni, nikajua utanifuata hata nikikataa. Na maneno ya mzungu niliyaamini siku zote ila hiyo wiki. Nikaenda peke yangu kwenye majabali, nikapanda juu, nikawa nalirusha kwenye mawe ya chini, nashuka, naliokota, napanda tena. Mara arobaini. Nikasema likiwa na roho, linimalize mimi kabla hujawa mke wangu, usije ukawa mjane wangu. Halikusema kitu. Nikaja kwenu nikakuapia."

Nilifundisha hesabu miaka thelathini na minne, na sijawahi kuona mtu akikosea jaribio kwa namna ile: kalipima bomu kama anayepima nazi, kalitikisa, kaligonga, kaliamini. Jeshi zima la Malkia lilimfundisha kufyatua na hakuna aliyemweleza kinacholiamsha. Arobaini zile hazikuthibitisha chochote. Nilitaka kusema hivyo, mwalimu ndani yangu alishafungua mdomo, nikaufunga.

"Arobaini," alisema mama.

"Huenda arobaini na moja. Kuna moja liliangukia mtoni sikuihesabu."

"Mwenyewe, juu ya majabali, wiki ya posa. Mimi nashonewa nguo na wewe unacheza na kifo."

"Sikuwa nacheza, Mama Gaude."

"Ungekufa ningefanyaje? Hebu sema, ningefanyaje?"

Baba alifikiri kwa makini, maana yeye ukimuuliza swali hulijibu. Alisema: nadhani ungeolewa na Valentino, alikuwa anakutaka. Valentino alikuwa karani wa stesheni enzi hizo. Mama alimtazama kwa muda mrefu, midomo ikimcheza, kisha akakaa chini kwenye vumbi na kanga yake safi akacheka hadi machozi. Alipomaliza kucheka machozi yaliendelea. Baba alishuka kwenye kigoda kwa shida, akakaa naye palepale chini, na mimi nikajifanya naangalia kuku.

Uji ulikuwa umepoa. Mama alimsogezea, akasimama kusubiri amalize, kisha akamwambia kwamba Oktoba inakwisha na mizinga sita bado iko chini, na nyuki hawasubiri wazee wapatane.

Basi tukaenda msituni, mimi nikiwa nimebeba kamba kama mpagazi. Mama aliokota jiwe njiani, la ukubwa wa ngumi, akalifunga mwenyewe kwa mafundo manne. Tulipofika chini ya muyombo wa kwanza baba alinyoosha mkono alipokee. Mama hakumpa. Alimwonyesha upande wa pili wa tawi, pale alipokuwa amesimama yeye tangu kabla sijazaliwa.

"Leo narusha mimi," alisema. "Wewe nenda kasimame."

Mama ana miaka themanini na hajawahi kurusha kitu chochote isipokuwa maneno. Nilimwambia baba asogee nyuma kidogo. Mara ya kwanza jiwe halikufika hata nusu ya mti, likaanguka hatua mbili kutoka miguuni pa baba, nikamkemea tena, kwa sauti ya darasani, kwamba asogee. Alisikia, maana aliniinulia mkono nitulie. Akavua kofia, akainua uso juu kwenye matawi, akimsubiri mkewe arushe tena.