Mgeni wa Chumba cha Rani

Kazi yangu ni kupokea wageni kwenye lango la ngome iliyogeuzwa hoteli: alama nyekundu kwenye paji la uso, shada la maua ya manjano shingoni. Baba mkwe, mzee Bhanwarlal, hupiga ngoma hapo hapo, na kwetu mke wa mwana hamwonyeshi mkwe uso, kwa hiyo lazima nijifunike ushungi hadi kidevuni. Wageni nawajua kwa miguu.

Thakur, mwenye ngome, alishanionya. "Sugna, ukikosea tena unarudi kwenu kukanda samadi ya kuwashia moto." Nilikuwa nimempaka alama fundi wa umeme.

Asubuhi hiyo tulimngoja mkaguzi wa hoteli kutoka Jaipur. Ngoma ikalia. Nikaona miguu minne myeusi, bila viatu. Mtu na mkewe, nikawaza. Nikapaka paji la kwanza. Lilikuwa na manyoya, lakini mimi ni nani wa kumsema mgeni? Nikavisha shada. Nilipolitafuta paji la mke, nikashika pembe.

Alikuwa nyati wa maziwa wa jirani yetu Dhapu.

"Bhanwarlal, hukuona?" Thakur alifoka.

"Nimeona, Hukam, bwana wangu. Lakini nimeajiriwa kupiga, sikuajiriwa kuchagua."

Mlinzi akainua fimbo.

"Shusha!" Thakur akamzuia. "Kashapakwa! Babu zangu walimlaza humu mtu aliyekuja kuwaua, kwa kuwa alishapakwa. Mimi nimfukuze huyu?"

Chumba kilichobaki kilikuwa cha Rani, yaani cha malkia, alichowekewa mkaguzi. Nyati akapelekwa. Akala shada, kisha pazia.

Mkaguzi alipofika akauliza chumba chake.

"Kina mgeni," Thakur akasema. Juu kukasikika mlio mrefu. Viatu vya Thakur vikaja kusimama mbele yangu. Nikajua kazi imekwisha.

Mara Dhapu akaingia akipiga kelele. "Nani kamficha nyati wangu? Hajakamuliwa!"

Ngoma ikalia. Nikampaka na yeye.

"Sasa na wewe ni mgeni, mama," Thakur akasema. "Mgeni wangu hakamui."

"Basi akamue nani, wewe?"

Miguu yote ikanigeukia.

Nikapanda na ndoo. Mkaguzi akanywa chai ya maziwa yale, vikombe vitatu, akaandika kwamba ngome nyingine zote zilimpa maziwa ya pakiti. Akalala kwenye kochi la ukumbini.

"Hukam, niende kwetu?" nilinong'ona.

"Uende wapi? Mgeni hajaondoka."

Ni mwezi wa tatu sasa. Kila jioni nyati akirudi malishoni anapita langoni, ngoma inalia, anakuwa mgeni upya. Nampaka vizuri. Siku hizi naanza kwa kupapasa pembe.