Misumari Mdomoni

Hebu niambie, umewahi kumwona fundi viatu anayetia misumari mdomoni hata siku ambayo hana kiatu cha kupiga?

Wa kibanda cha tatu, kando ya ukuta wa soko, alikuwa hivyo. Asubuhi, kabla hajakunjua turubai, aliingiza mkono kwenye mkebe, akachota misumari sita midogo, akaipanga midomoni, vichwa nje, ncha ndani. Hapo ndipo alipotoa nyundo, chuma chake cha miguu mitatu cha kugongea viatu, kopo la gundi, na donge la nta lililochimbwa mifereji na uzi. Mafundi wengine nao walibana misumari midomoni. Mkono mmoja umeshika kiatu, wa pili nyundo, na wa tatu hatukupewa. Lakini wenzake waliitema wakitaka kucheka. Yeye hakuitema. Watu wakamwita Misumari, na jina likamkaa.

Maneno yake kwa wateja yalikuwa matatu. "Soli?" "Kisigino?" "Kesho." Yalipenya pembeni mwa midomo kama barua inayosukumwa chini ya mlango uliofungwa. Watu wakasema huyu ni mtu wa kazi, hana porojo.

Kumbe alipenda porojo kuliko wote. Shida ilikuwa nyuma ya misumari. Meno ya mbele ya juu yalibaki mawili na nusu, meusi shingoni. Ya chini yalivaa ugaga mgumu kama gundi ya zamani. Magego ya kushoto yalikuwa mizizi mitupu, na kwa miaka kumi na moja alikuwa akitafunia upande wa kulia. Harufu aliijua mwenyewe. Ndiyo maana alipomkabidhi mteja kiatu chake alitazama pembeni, kama mtu aliyeitwa na mwingine.

Kwa mikono, lakini, hakuwa na wasiwasi hata chembe. Kiatu kilichokataliwa na mafundi wawili kilikuja kwake, kikaondoka kikitembea.

Mbele ya kibanda chake, ng'ambo ya njia, alikaa mwuza vifungo. Alikaa juu ya kreti, amezungukwa na vikopo vya vifungo, zipu na mabunda ya uzi. Wauzaji wenzake walisimama wakiita wateja, wakiwashika mikono, wakiwatania. Yeye aliita akiwa hapo hapo chini, na wengi walimpita bila kumwona. Mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi kuliko wa kulia kwa upana wa vidole viwili. Fundi fulani wa zamani alimwongezea kisigino kwenye kiatu cha mguu ule, kisigino peke yake, soli ya mbele akaiacha nyembamba. Basi kila alipokanyaga, mguu wote uliteleza mbele kama mtu aliyesimama kwenye mteremko.

Misumari aliliona kosa lile siku ya kwanza kiatu kilipofika mkononi mwake. Alipapasa ndani, akakuta kwenye ncha ngozi imechimbika vishimo vitano, kimoja kwa kila kidole. Dawa aliijua. Ilikuwa kuinua soli nzima, kutoka kisigino hadi mbele, ishuke taratibu kuelekea kwenye ncha. Ila kazi ile ilitaka kumketisha mwenye mguu, kumpima, kumweleza, kumwuliza hili na lile uso kwa uso. Ilitaka mdomo.

"Kisigino tena, fundi," mwuza vifungo alisema kila baada ya miezi michache. "Sijui kinaliwa na panya?"

"Kesho," akajibu Misumari.

Akakirudishia kisigino kilekile, kwa kosa lilelile, kwa misumari tisa iliyonyooka kabisa. Miaka mitatu alifanya hivyo.

Aliyemtoa hapo ni dada yake mkubwa. Dada huyu alikuwa dobi, naye alifua makoti meupe ya chuo cha meno. Jumamosi moja alitua kikapu chake mbele ya kibanda, akaweka mikono kiunoni.

"Wewe, kila nikipita umeshika shavu kama mtu anayeongea na simu. Nani huyo asiyekata?"

Misumari akagonga msumari.

"Nasema nawe. Kule chuoni wanatibu watu kwa bei ya kubadili soli mbili. Wanafunzi ndio wanaotibu, na mwalimu anasimama nyuma yao."

Fundi akaitema misumari kwenye kiganja, jambo alilolifanya mbele ya dada yake tu. "Wanafunzi! Dada, wajifunzie kwangu?"

"Na wewe ulizaliwa na nyundo mkononi? Kiatu chako cha kwanza ulinishonea mimi, na soli ikaniachia njiani, mbele ya wakwe. Nilikutukana?"

"Ulinitukana."

"Nilikutukana, lakini nilikuletea cha pili."

Akairudisha misumari mdomoni. Zahanati ya kulipia iliyo karibu na benki ilishamtajia bei ya cherehani nzima ya viatu. Jumatatu akaenda chuoni.

Alifika na misumari mdomoni. Hakufanya makusudi, ni mazoea. Mama wa mapokezi alimwuliza umri, akajibiwa kwa mluzi, akainua macho kutoka kwenye daftari.

"Mzee wangu, toa kwanza hiyo karakana."

Akamsogezea kibakuli cha chuma. Ti, ti, ti, misumari sita ikaanguka, na watu wote kwenye benchi wakageuka. Misumari alijihisi kama aliyevuliwa shati.

Mwanafunzi aliyempokea alikuwa binti mrefu mwenye miwani. Misumari hakumtazama usoni. Alitazama mikono. Akaona binti anapanga vyombo vyake kwenye sinia kutoka kushoto kwenda kulia, kwa jinsi atakavyovitumia, na kilichokaa upande anakinyoosha. "Huyu ana utaratibu," alijisemea, akaegemea kiti.

Binti alimwangalia mdomoni muda mrefu. Hakukunja uso wala kurudi nyuma.

"Baba, hapa pana kazi," alisema. "Lakini si ya kutisha. Kuna meno kumi na tisa ninayoweza kukuokolea."

Kumi na tisa! Miaka yote hiyo mwenyewe alikuwa akihesabu yaliyoharibika.

Alikwenda Jumatatu baada ya Jumatatu. Alichomwa sindano ya ganzi, mizizi ya magego ikatoka mmoja mmoja. Jino la nusu nalo likatoka, na mwenzake lililokuwa likitikisika. Mashimo yalisafishwa, yakazibwa. Ugaga ulipokwanguliwa, aliusikia ukitoa mlio uleule wa kisu kwenye soli ya kale. Kila hatua mwalimu alikuja na taa yake, akachungulia, na mara nyingine akasema neno moja tu, "Rudia." Binti alirudia bila kununa. Hilo Misumari alilipenda kuliko ganzi.

Fizi zilipopona, alijazwa mdomoni unga laini uliokandwa, akaambiwa aung'ate hadi ugande. Wagonjwa wengine walikohoa na kupigapiga miguu. Yeye alitulia kimya. Alikuwa akichukuliwa kalibu, yaani umbo la mdomo wake, kama yeye alivyochukua za miguu ya watu.

Siku ya kuvalishwa, binti alileta meno manne ya mbele yaliyokaa kwenye kibamba cha waridi. Aliyapachika, akamwekea karatasi nyembamba ya buluu, akamwambia ang'ate. Palipogusa sana palitoka doa la buluu, na pale binti alipasugua. Kisha akauliza, "Baba, panabana?"

Palikuwa pakibana. Nyuma, kushoto, padogo tu, kama punje ya mchanga ndani ya soksi. Lakini mwalimu alikuwa amesimama na kalamu tayari kutia sahihi, na paji la binti lilikuwa na jasho. Misumari akatikisa kichwa kukataa.

"Kweli?"

Akatikisa tena.

Wiki ile punje ya mchanga ikawa jiwe. Siku ya nne alishindwa kumeza mate. Siku ya tano aliyavua yale meno, akayafunga kwenye kitambaa, akayatia ndani ya mkebe. Misumari sita ikarudi mahali pake. Dada yake alipomwona aliondoka bila salamu, na kwa mwanamke yule huo ulikuwa msiba.

Jumatatu alikwenda chuoni akiwa ameamua kurudisha kifurushi. Binti alimulika taa, akashtuka.

"Baba! Kidonda hiki cha lini?"

"Cha siku ile ile."

"Siku ile nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Ukatikisa kichwa. Mara mbili!"

"Nilisema pengine kitazoea."

"Kizoee nini, baba? Plastiki haizoei mtu." Aliweka kioo chake kwenye sinia, na kwa mara ya kwanza hakukinyoosha. "Mimi naona umbo tu. Maumivu siyaoni. Hebu niambie wewe fundi, huko kwako mtu akibanwa na kiatu asiseme, unafanyaje?"

Misumari alifungua mdomo kujibu. Aliona vishimo vitano vya vidole. Aliona misumari tisa, imenyooka.

"Binti yangu," alisema polepole, "kwangu mimi, anayenyamaza ni fundi."

Binti hakuelewa, lakini alisubiri. Alikuwa mzuri wa kusubiri.

"Ni hapa," Misumari akasema. "Nyuma, kushoto. Nikimeza panachoma. Nikikaza meno panachoma zaidi, halafu kibamba chote kinacheza upande huu."

Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote alizompa mtu asiye wa nyumbani kwao kwa miaka mingi. Binti alichukua karatasi ya buluu. Akasugua, akapuliza vumbi la waridi, akapachika.

"Bado?"

"Bado, kidogo."

Akasugua tena. "Sasa?"

"Sogea nyuma zaidi. Hapo. Hapo hasa."

"Sasa je?"

Misumari aling'ata. Akameza mate. Akameza tena kwa raha tu. "Sasa pamekaa."

Mwalimu alichungulia, akatia sahihi, akaenda kwa mwingine. Binti akacheka, na fundi akajikuta anacheka pia, mdomo wazi, mbele ya benchi zima.

Kesho yake asubuhi alikunjua turubai. Aliingiza mkono kwenye mkebe, akachota misumari sita, akaitazama. Akaimimina kwenye kifuniko cha kopo la gundi, akakiweka karibu na goti.

Jua lilipofika kwenye ukingo wa turubai, mwuza vifungo alivuka njia, kandambili miguuni, kiatu mkononi.

"Kisigino tena, fundi. Wala usijisumbue, nimeshajua, kesho."

"Si kesho," Misumari akasema. "Kaa kwanza, dada."

Mwuza vifungo alisimama akimtazama mdomo. "Ala! Kumbe una meno!"

"Ninayo. Mengine yangu, mengine ya chuo."

"Na sauti pia unayo! Majirani, njooni mshuhudie, huyu mtu anaongea!" Alicheka hadi akashika nguzo ya kibanda. Misumari naye alicheka. Kisha akageuza kiatu, akaweka kidole chini ya kisigino, na kicheko kikamwisha.

"Dada, kisigino hiki si cha kurudishiwa. Ni cha kung'olewa. Kiliwekwa vibaya. Kimeinua nyuma tu, mguu wako unateleza mbele, vidole vinapondeka. Inatakiwa kuinuliwa soli yote."

Mwuza vifungo alikunja uso. "Umegundua leo?"

Angeweza kusema ndiyo. "Siku ya kwanza," akasema.

"Siku ya kwanza ipi?"

"Ile ya kwanza ulipokileta."

Ng'ambo kule mteja aliokota kifungo, akatafuta mwenye mali, akakirudisha, akaenda zake.

"Miaka mitatu, fundi," mwuza vifungo akasema, na sauti yake ilikuwa chini sana. "Miaka mitatu mimi najua mguu wangu ndio mbaya."

"Mguu hauna kosa. Kosa nilikuwa nalo mimi mkononi, nikaligongelea misumari."

"Na hukusema."

"Sikusema."

Alinyoosha mkono, akachukua kiatu chake. Misumari akampa. Mwuza vifungo aligeuka, akapiga hatua moja, ya pili, kandambili ya kushoto ikiburuta. Katikati ya njia alisimama. Alikitazama kiatu ndani kwenye ncha, akaingiza vidole vya mkono, na Misumari akajua vimefika kwenye vile vishimo.

Alirudi. Hakumtazama fundi. Alivuta kigoda, akakaa, akavua kandambili.

Misumari alirarua upande wa boksi, akautandika chini. Alipiga magoti, akauweka mguu wa kushoto juu yake kwa mikono miwili. Vidole vilikuwa vimepandana, vimejikunja kama vya mtu aliyening'inia kwenye ukuta. Akachukua penseli, akaanza kuuzungushia mstari kutoka kisigino, taratibu, bila kuruka hata kidole kimoja.

"Nataka nikushonee kipya," alisema. "Kwa bei ya kisigino. Nimetaka tangu siku ile." Penseli ilifika kidole cha mwisho, ikasimama. "Nawe uniambie. Ukivae kikufanyie nini?"

Mwuza vifungo alitazama ng'ambo ya njia, kreti lake tupu, vikopo vyake vikimetameta, na kulia na kushoto wenzake wamesimama wakiita watu.

"Nataka niuze nimesimama," akasema.